MASWALI YA WASOMAJI: Haidroliki ikifa angani, jeti ndogo inatuaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi naendesha foklifti bandarini hapa Kigoma, hosi ya haidroliki kupasuka ni kitu nakijua, mafuta yanaruka mpaka kifuani na mzigo haunyanyuki tena, kazi imeishia hapo. Sasa bosi anataka twende nae Dar na jeti ndogo ya kukodi, na jamaa wameniambia nayo inatumia haidroliki. Je hosi ikipasuka wakati tunatua, rubani anabaki na nini? – Opereta, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wewe nusu ya jibu unalo tayari, kwa sababu unajua haidroliki ni pampu, mafuta, hosi na silinda, na mafuta yakivuja presha inakufa. Ila kuna kitu kimoja kinabadilisha hesabu yote. Kwenye jeti ndogo nyingi, chukua mfano Citation ndogo ndogo zile za kampuni ya Cessna, usukani wa rubani haushikwi na haidroliki kabisa, umeungwa kwa kebo za chuma mpaka kwenye mabawa na mkia, kwa iyo hata mafuta yamwagike yote mpaka tone la mwisho bado anakata kona, anapanda, anashuka kama kawaida. Ndege haianguki, hilo toa kichwani.

Kinachopotea ni vitu vya kushukia na kusimamia. Matairi kushuka, breki za hewani zile vibao vinavyonyanyuka juu ya bawa, riveza za injini kama zipo (zinageuza msukumo uende mbele ili ndege isimame), na kwenye baadhi ya aina flapu pia, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kuja taratibu (Citation za zamani flapu zake ni za umeme, lakini zile Citation za aina ya CJ ni haidroliki, ndo maana rubani lazima aijue ndege aliyoikalia, sio ndege kwa ujumla).

Tuanze na matairi. Yakiwa juu yanashikiliwa na kulabu. Rubani ana kishikio cha dharura, anakivuta, kulabu zinaachia na matairi yanadondoka kwa uzito wake, anayumbisha ndege kidogo kwa pedeli kulia na kushoto ili yajifunge, kisha anafungulia chupa ya gesi ya nitrojeni iliyojazwa presha kubwa, gesi inaingia kwenye silinda na kuyasukuma mpaka yakaze. Taa tatu za kijani zikiwaka, amemaliza hilo. Ila akishapuliza ile gesi matairi hayarudi tena juu, na ndege yenye matairi nje inaenda taratibu na inakula mafuta sana, kwa iyo kama ameamua kwenda uwanja mwingine na matairi bado yako ndani, anayaacha ndani mpaka akaribie huko. Nimeona watu wanalielewa hili kwa kuchelewa, kitu cha kwanza wanachotaka ni kuona taa za kijani.

Sasa breki, na hapa ndo penye shughuli yenyewe. Citation nyingi breki zina pampu yake ya umeme na tenki lake la mafuta, mbali na haidroliki kubwa, so inawezekana kabisa ukapoteza ile kubwa na breki zikawa nzima. Zikifa nazo kuna breki ya dharura, inatumia ileile nitrojeni, kishikio kimoja kinakamata tairi za pande zote mbili kwa pamoja na antiskidi, kile kifaa cha kuzuia tairi lisigome kuzunguka, hakuna, ukivuta kwa pupa tairi linagoma kuzunguka linaburuzwa linapasuka. Kinavutwa pole pole halafu unashikilia hapo hapo. Ukivuta ukaachia, ukavuta ukaachia, kila ukiachia gesi inatoka nje na chupa haina tenki la kuongezea.

Na kama flapu hazikushuka, ndege inabidi ije na spidi zaidi. Tuseme ilikuwa ije na kilomita 200 kwa saa, sasa inakuja na 230. Unaona 30 tu, lakini nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza inaenda na spidi mara spidi, kwa iyo imepanda kwa asilimia 32, na hapo huna riveza wala breki za hewani. Ndo maana usishangae rubani akiwa karibu kabisa na Kigoma akaamua kugeuza kwenda Mwanza ambako ranwei ni zaidi ya mita 3,000, au KIA, uwanja wa Kilimanjaro, yenye mita 3,600. Huyo rubani mshukuru.

SWALI: Habari fundi. Mdogo wangu anasomea urubani, anasema ndege ikipata shida ya haidroliki inaweza kuzunguka juu hata nusu saa kabla ya kutua. Roho yangu haikubali. Kwa nini wasitue haraka hapo hapo? – Dada wa Cheyo, Tabora

JIBU: Nzuri dada. Mdogo wako yuko sahihi na naomba usimvunje moyo. Ndege ikiwa na moto au moshi ndani, hapo ni kutua haraka bila mjadala. Haidroliki sio hivyo. Injini zinavuta, usukani unasikia, mafuta ya kuchoma yapo, sasa haraka ya nini? Ile nusu saa ina kazi. Rubani mmoja anarusha ndege na hafanyi kingine, mwenzie anasoma cheklisti ya dharura mstari kwa mstari, wanapiga hesabu ya ranwei, wanaongea na mnara, wanasema mara tatu Pan-Pan (tuna shida) au Mayday (tuko hatarini), wanaweka namba ya dharura 7700 kwenye transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, ili kila mwenye rada aione, zimamoto wanajipanga. Na kadri mafuta yanavyochomwa ndege inakuwa nyepesi, nyepesi inasimama mapema.

Halafu fikiria hapo kwenu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, geji ya spidi ikisoma namba ileile ya Dar ndege kiukweli inakimbia kwa karibu asilimia 6 zaidi juu ya ardhi, na jua la mchana la mwezi wa kumi linaongeza tena. Hayo yote yanatakiwa yapigwe hesabu kabla, sio tairi likishagusa chini.

SWALI: Fundi unatutuliza, mbona kuna ndege Marekani ilipoteza haidroliki watu wakafa wengi? – Msomaji, Kasulu

JIBU: Ni kweli, na siifichi. Ni safari namba 232 ya shirika la United, tarehe 19 Julai 1989, DC-10, ndege kubwa yenye mifumo mitatu ya haidroliki. Injini ya mkiani ilipasuka na vipande vikakata mabomba ya yote mitatu, na ndege ya ukubwa ule haina kebo za kumwokoa rubani. Kapteni Al Haynes na wenzake waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza injini mbili zilizobaki, zaidi ya dakika 40, mpaka Sioux City. Ndani walikuwa watu 296, wakapona 184. Ndo maana nilianza na habari ya kebo, kwenye jeti ndogo zile za kebo shida ya namna hii haimnyang'anyi rubani usukani.

SWALI: Ikishasimama tunaruhusiwa kukimbilia kusaidia? Tunaishi jirani na uwanja. – Katubuka

JIBU: Hapana ndugu yangu, kaeni mbali. Breki zimeungua, tairi linaweza kupasuka hata dakika kadhaa baada ya ndege kusimama na vipande vinaruka kwa pembeni, hata zimamoto wenyewe wanalisogelea kwa mbele au kwa nyuma, kamwe sio ubavuni. Mafuta ya haidroliki ya ndege nyingi yanaunguza ngozi, na yakiingia machoni ni maumivu makali, suuza kwa maji mengi uende hospitali. Na ndege hiyo haijiendeshi kwenda kuegeshwa, inasubiri hapo hapo ranwei mpaka fundi achomeke pini za kuzuia matairi yasijikunje, ndo trekta inakuja kuivuta.