Kabla ya Kuuliza Bei ya Mkuki

Mdogo wangu unayeanza kukusanya mikuki na visu vya zamani hapa Tabora, simulizi utapewa hata usipoiomba: mkuki huu ulishikwa na rugaruga, yaani askari, wa mtemi Mirambo. Mirambo alifariki mwaka 1884. Mkuki wangu wa kwanza niliununua kwa simulizi hiyo, mwekundu kwa kutu toka ncha hadi shingoni. Nikampelekea mhunzi mzee. Aliukwangua kidogo, akanionyesha mikwaruzo ya grinda chini ya kutu. Ilikuwa springi ya gari.

Kutu nyekundu inayobanduka kwa ukucha hupatikana kwa chumvi na maji, wiki chache tu. Kutu ya miaka mingi huwa nyeusi au kahawia, imeng'ang'ania chuma.

Kisha tazama chuma chenyewe. Zamani Wafipa na Waha waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri, na kilichotoka kilibaki na mavi ya chuma, yaani taka za mawe yaliyoyeyushwa, ndani yake. Kikifuliwa, huonyesha nyuzinyuzi kama za ubao. Springi haina nyuzi hizo. Lakini tahadhari: jembe la zamani linaweza kufuliwa upya likawa mkuki jana. Nyuzi zinakueleza umri wa chuma, si umri wa mkuki.

Ndiyo maana mimi naamini zaidi kazi ya nyundo. Baadhi ya mikuki ya huku, ukitazama uso mmoja wa ubapa, nusu moja imebonyea na ya pili imetuna. Ukiigeuza, mpangilio ni uleule. Shingo nayo ilikunjwa kutoka bati la chuma lililofuliwa, mshono ukaachwa wazi. Ukiukuta umechomelewa kwa umeme, rudisha.

Uti usikusumbue sana. Mchwa hula, watu hubadilisha, hivyo uti mpya kwenye ubapa wa zamani si udanganyifu. Waya ndio wa kukagua: shaba ililetwa na misafara, ila waya wa alumini ulienea karne ya 20. Skrubu ya kichwa cha msalaba haikuenea kabla ya miaka ya 1930. Kisu chenye muhuri wa “Made in Germany” hakitangulii 1887, mwaka Uingereza ilipotunga sheria iliyoleta maandishi hayo.

Msasa usiuguse kabisa! Nimeona ubapa mzuri sana ukisuguliwa ung'ae, na kila alama ya mhunzi ikaondoka. Kitambaa kikavu na mafuta mepesi vinatosha. Na usisafirishe kitu nje ya nchi bila kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964.

Siku unayonunua, andika kijiji, ukoo na kazi ya silaha hiyo. Na ukiambiwa hauuzwi, usibembeleze. Huko Urambo mzee mmoja alikataa kuniuzia mkuki wa babu yake, ila aliniruhusu niupime na kuuchora. Mchoro huo ndio ninaolinganishia mikuki mingine hadi leo.