Kabla hujafungua mdomo, kabla hujasaini: ushauri kwa mtafiti wa chuo kikuu

Tulipeleka kaushio letu la dagaa kwenye maonesho ya Nane Nane likiwa bado linanuka rangi mpya. Tulikuwa watatu: mhandisi, mtaalamu wa chakula, na mimi niliyekuwa fundi sanifu wa maabara. Siku zote za maonesho tulisimama juani tukimweleza kila apitaye jinsi hewa ya moto inavyoingia chini, inavyozungushwa kati ya chekeche mbili, na inavyotoka juu bila kuwaunguza dagaa. Tuligawa vipeperushi vyenye mchoro wa ndani pamoja na vipimo. Aliyetaka kupiga picha tulimfungulia mlango apige vizuri.

Karibu miaka miwili baadaye ndipo chuo kilipotutaka tuombe hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wake. Wakala aliyepitia makaratasi yetu aliuliza swali moja: "Mmewahi kukionesha hadharani?" Nilimpa kipeperushi. Alikisoma pande zote mbili, akakiweka mezani, akafunga faili. Uvumbuzi unaoombewa hataza sharti uwe mpya duniani kote, na huu tulikuwa tumeshautangaza sisi wenyewe.

Mwaka uliofuata nilikuta kaushio hilohilo likichomelewa kwenye karakana moja Mwanza. Fundi alinikaribisha, akanieleza kwa ufasaha jinsi hewa inavyozunguka. Hakuwa ameiba kitu. Sikuwa na neno la kumwambia zaidi ya "Hongera, fundi, kazi yako safi." Siku ile niliamua kuhamia upande wa ofisi ya kuhawilisha teknolojia, ile inayopeleka uvumbuzi wa chuo kwa watumiaji, na huko ndiko niliko mpaka leo. Ninayoandika hapa nawaandikia wahadhiri na wanafunzi ambao bado hawajapanda jukwaani.

Usidhani jambo hili huwapata wanyonge tu. Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California walichapisha njia yao ya kuunganisha vinasaba Novemba 1973. Hakuna aliyekuwa amefikiria hataza. Niels Reimers, aliyeanzisha ofisi ya leseni ya Stanford, alikuja kusoma habari hizo gazetini mwezi Mei 1974. Sheria ya Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu atangaze, na ombi lao liliwasilishwa Novemba 1974, mwaka ukiwa umebakiza wiki moja tu. Nchi nyingine nyingi hazikuwa na huruma hiyo, kwa hiyo haki za nje ya Marekani zilikuwa zimekwisha kupotea. Walichookoa ndani ya Marekani peke yake kiliviletea vyuo hivyo viwili takriban dola milioni 255 hadi hataza zilipoisha mwaka 1997. Fikiria basi walichoacha nje.

Ninapowaeleza wahadhiri haya, hofu yao ya kwanza ni kupanda cheo. Wanasema chuo kinahesabu makala, hakihesabu hataza, nao hawawezi kukaa kimya miaka mitatu wakisubiri hataza. Nawaelewa, lakini hakuna anayetakiwa kukaa kimya hivyo. Wasilisha ombi kwanza kwenye ofisi ya hataza, BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, au ARIPO, shirika la kikanda la mali ubunifu la Afrika kule Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Ukishapata tarehe ya kuwasilisha, kesho yake tuma makala yako. Tarehe hiyo inakupa miezi 12 ya kuomba kwingine duniani ukihesabiwa umeomba siku ileile. Ukipitia mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza (PCT), unapata hadi miezi 30 tangu tarehe hiyohiyo kabla ya kuanza kulipia nchi moja moja, na humo ndimo unamotafuta mwekezaji. Kinachogomba ni mpangilio wa siku tu, na mpangilio huo uko mikononi mwako.

Na "hadharani" ni neno pana kuliko wengi wanavyodhani. Bango la kongamano ni hadharani. Ikisiri iliyotangulia kongamano, nayo pia. Tasnifu ikishawekwa maktaba au kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, imetangazwa, hata kama haijasomwa na mtu. Nimewahi kumwona mwanafunzi wa uzamivu akilia ofisini kwangu kwa sababu hiyo, na msimamizi wake ameinamisha kichwa. Vyuo vingi huruhusu tasnifu izuiwe kwa muda, ila lazima uombe kabla ya kuikabidhi.

Upande wa pili ni kalamu, na hapa naomba usome polepole.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti mmoja wa Stanford aliyekuwa akifanyia kazi njia ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu alikwenda kujifunza mbinu kwenye kampuni iitwayo Cetus. Alipokuwa anaajiriwa chuoni, alikuwa amesaini kwamba anakubali kukabidhi uvumbuzi wake kwa chuo. Kule kwenye kampuni alipewa fomu ya wageni, na ndani yake mliandikwa kwamba kwa maandishi hayo anakabidhi. Miaka ikapita, kipimo kikawa cha thamani kubwa, kampuni ya dawa ya Roche ikanunua sehemu hiyo ya biashara ya Cetus, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2011 Stanford ilishindwa. Sheria maarufu ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, inayoviruhusu vyuo kumiliki matunda ya utafiti uliolipiwa na serikali kuu, haikukiokoa chuo: mahakama ilisema umiliki huanza kwa mvumbuzi mwenyewe, na ndiye anayeukabidhi.

Sisi wenye Kiswahili tunaiona tofauti hiyo ndani ya kitenzi. "Nitakabidhi" ni ahadi. "Ninakabidhi" ni tendo, limekwisha fanyika wino ukiwa haujakauka. Kati ya -ta- na -na- ndimo haki ya chuo kizima ilimopita. Kwa hiyo, unapopewa fomu kwenye lango la kiwanda, hospitali au maabara ya wenzako, tafuta neno hilo kwanza. Ukilikuta, sema kwa adabu: "Naomba niipeleke ofisini kwetu, nitairudisha kesho." Sijawahi kuona mtu akifukuzwa kwa kusema hivyo.

Mashirikiano na vyuo vya nje yanahitaji uangalifu wa namna yake. Mwaka 2000 kulizuka mvutano baina ya watafiti wa Nairobi na wa Oxford juu ya chanjo ya majaribio ya virusi vya UKIMWI, kazi iliyochochewa na wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao miili yao ilionekana kuhimili maambukizi. Hataza ilikuwa imeombwa Uingereza bila upande wa Kenya kuwemo. Makubaliano yalirekebishwa baadaye ili Nairobi nao wawe na haki ya umiliki, lakini ilibidi kwanza watu wagombane magazetini. Hati ya makubaliano iliyoandikwa kabla ya sampuli ya kwanza kuvuka mpaka ingewaondolea mengi. Mimi siku hizi sipitishi mradi wa pamoja ambao haujasema wazi nani anamiliki nini, nani analipia hataza, na nini kitatokea mmoja akichoka.

Wanafunzi nao wana swali lao, na ni swali la haki. Mhadhiri ni mwajiriwa, kwa hiyo mkataba wake na sera ya chuo ndivyo husema uvumbuzi wake ni wa nani. Mwanafunzi anayelipa ada hajaajiriwa na mtu. Kama hajasaini chochote, chuo hakiwezi kudai tu kwa kuwa alitumia meza na umeme wake. Lakini akiingia kwenye mradi wa mfadhili, au akilipwa posho ya utafiti, hali hubadilika. Dada na kaka zangu mlioko shahada ya pili na ya tatu, ombeni nakala ya sera ya mali ubunifu ya chuo chenu leo, muisome kabla hamjachagua mada. Tafuteni kifungu cha mgao. Pale Stanford, kwa mfano, asilimia 15 ya mapato hubaki ofisini, gharama hutolewa, kisha kinachosalia hugawanywa mafungu matatu sawa: mvumbuzi, idara yake na kitivo. Kama sera yenu haitaji mgao wowote, ulizeni kwa maandishi.

Kuhusu bei, nimekosana na wakubwa zangu mara kadhaa, na msimamo wangu sijaubadilisha. Uvumbuzi mwingi wa vyuo vyetu hufia kabatini kwa sababu ofisi inataka malipo makubwa ya mwanzo kutoka kwa fundi ambaye hajauza hata kimoja. Stanford ilipoanza kuuza leseni za Cohen na Boyer mwaka 1981 ilitoza dola 10,000 kwa mwaka, kiasi kidogo kwa kampuni zile, na haikumpa mtu mmoja haki ya peke yake. Kampuni 73 zilisaini ndani ya miezi michache. Sisi tuanze na mrabaha mdogo, yaani malipo kidogo kwa mwenye hataza, kwa kila chombo kinachouzwa. Mwenye karakana akikua, chuo kikue naye. Leseni ya mtu mmoja peke yake nimpe anayehitaji kutumia fedha nyingi kabla ya kuuza, kama mtengeneza dawa, tena kwa sharti kwamba asipoanza kazi ndani ya muda tuliokubaliana, haki inarudi kwetu.

Wakati mwingine kampuni ya mvumbuzi mwenyewe ndiyo njia bora. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyetengeneza chujio la maji la nano, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, wa kwanza kuipata, na akaendelea kupitia kampuni yake, Gongali Model. Si kila mtafiti ana moyo wa kufungua duka, wala halazimiki. Ila anayetaka, chuo kimpe likizo na leseni nafuu, kisimkabe koo.

Mwezi uliopita aliingia ofisini binti wa shahada ya pili, ameshika bango alilolikunja. Alikuwa anasafiri Jumamosi kwenda kongamanoni Kigali. Tulikuwa Jumatatu. Tulikaa naye na msimamizi wake siku tatu, tukafungua daftari lake la maabara ambalo lilikuwa na tarehe na saini kila ukurasa, tukaandika madai kumi na moja, yaani vipengele vinavyosema hasa nini kinalindwa. Alhamisi saa tisa alasiri ombi likawa na namba. Alilipeleka bango lake bila kupunguza hata mchoro mmoja.