Docta, mama yangu amebakisha miaka mingapi?

Jambo Docta. Mama yangu ana miaka 61. Amekaanga mandazi kwa mbabula ya makala (jiko la mkaa) hapa Kadutu tangu nikiwa mtoto, na sigara hajawahi kuigusa. Juzi alipuliza ile mashine ya mapafu, kwenye karatasi wakaandika BPCO, VEMS 42%. Jirani anasema mtu wa hivyo hafikishi miaka mitano. Ni kweli? Na pampu ya kuvuta dawa aliyopewa itamwongezea maisha?
Binti wa Kadutu, Bukavu

Binti yangu, BPCO ni ugonjwa wa kudumu wa mapafu unaobana njia za hewa, na hiyo VEMS 42% si hesabu ya miaka. Maana yake ni kwamba katika sekunde ya kwanza ya kupuliza, mama hatoi hata nusu ya hewa ambayo mwanamke wa umri na urefu wake angetarajiwa kutoa. Njia za hewa zimebana, na sehemu kubwa ya uharibifu huo hairudi nyuma. Ni ugonjwa mzito, sikufichi: mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani. Ila mtu akikupa tarehe ya kifo kwa kutazama namba moja, usimsikilize.

Mwaka 2004 ulitoka utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Marekani, Hispania na Venezuela. Walipewa pointi kwa mambo manne: uzito, kubana kwa njia za hewa, jinsi pumzi inavyowakatikia, na umbali wanaotembea kwa dakika sita. Jumla ni kutoka 0 hadi 10. Waliopata 7 na zaidi, karibu 8 kati ya 10 walifariki ndani ya miezi 52. Waliopata 0 hadi 2, karibu 8 kati ya 10 walikuwa bado hai. VEMS ya mama inampa pointi 2. Je, amekonda? Anatembea mita 350 bila shida kwa hizo dakika sita? Hayo ndiyo ninayotaka kujua. Na pumzi mpimie kwenye njia tambarare, maana mlima wa Kadutu unamhemesha hata kijana mzima.

Usidhani kwamba kwa kuwa havuti sigara yeye yuko salama. Huko Mexico, mwaka 2006, ilionekana kuwa wanawake walioumwa kwa moshi wa kuni walikuwa katika hatari ya kufa sawa na wavutaji wa sigara. Kwa hiyo mbabula itoke ndani leo, na kukaanga afanye mwingine, au mama ahamie biashara isiyo na moto. Najua hayo mandazi ndiyo yaliyowasomesha. Ninakuomba hata hivyo.

Pampu inafungua njia za hewa, inampa nafuu ya kutembea na kulala. Hiyo ya nafuu ya haraka haijaonyeshwa kurefusha maisha. Kinachoniogopesha zaidi ni mashambulizi: kikohozi kinazidi, makohozi yanageuka kijani, pumzi inapungua kwa siku chache. Kila shambulio linalomlaza hospitalini linaongeza hatari ya kufa miezi inayofuata. Asisubiri Jumatatu, wala asinunue vidonge vya kubahatisha kwenye duka la dawa. Muulize docta wake kuhusu dawa ya kuvuta kila siku inayopunguza mashambulizi, na chanjo ya mafua ikipatikana. Apimwe pia kifua kikuu na moyo, kwani wengi wa wagonjwa hawa huondolewa na moyo.

Oksijeni ya nyumbani inarefusha maisha, lakini kwa wale tu ambao damu yao ina oksijeni kidogo sana hata wakiwa wamekaa, 88% au chini, tena waitumie saa 15 au zaidi kwa siku. Hayo yalionyeshwa mwaka 1980 na 1981. Sisi wa Bukavu tuko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, basi kipimo cha oksijeni cha kidoleni husoma chini kidogo kuliko cha mtu wa Kinshasa. Usishtuke kwa 93%. Kama siku moja ataihitaji, isikae kamwe karibu na mbabula, kwa sababu oksijeni hukuza moto.

Niandikie uzito wake, urefu wake na hizo mita za dakika sita, nami nitakujibu vizuri zaidi.