Maswali ya Wasomaji: Nianzeje Kujifunza Kipande Kipya cha Piano?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanakwaya, na kwa miezi kadhaa sasa najifunza piano kwa kutumia kinanda cha parokia. Mwalimu amenipa Menueti (kipande cha dansi ya zamani yenye mapigo matatu) ya G Meja, iliyomo katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa mtunzi Bach. Kila jioni naipiga tangu mwanzo, nakwama palepale, kisha naanza upya. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kinachokukwamisha ni huko kuanza upya. Vipimo vya mwanzo (yaani visehemu vinavyotenganishwa na mistari ya wima kwenye noti) unavirudia mno, ilhali mahali panapokusumbua unapagusa mara moja tu na kupakimbia, hivyo vidole vinazoea kukosea papo hapo.

Kabla ya kugusa kinanda, keti na karatasi ya noti uisome. Menueti hii, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya Bach mwenyewe kabla ya kutambuliwa kuwa ni ya Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden, ina vipimo 32 tu, na utaona kwamba sauti ya juu ya vipimo vinne vya kwanza inarudi ileile kuanzia kipimo cha 9. Kwa hiyo kazi ni ndogo kuliko ulivyodhani.

Kisha imba, kwa kuwa solfa unaijua: so, do-re-mi-fa, so, do, do. Weka gumba la kulia kwenye G (ndiyo do) na kidole kidogo kwenye D (ndiyo so), nawe utavipiga vipimo viwili vya kwanza bila kuuhamisha mkono. Katika kipimo cha tatu (la, fa-so-la-ti) mkono unapanda, gumba linaweza kuhamia C, na ile ti ni kibonyezo cheusi. Ikiwa ndipo unapokwama, andika namba za vidole kwa penseli, usizibadilishe kila siku, na anza mazoezi yako hapo hapo, polepole kiasi cha kuweza kuifikiria kila noti kabla ya kuipiga.

Mkono wa kushoto ufanyie mazoezi peke yake. Katika vipimo vya 2, 3 na 4 unashikilia noti moja kwa mapigo yote matatu, nao wanaojifunza huiachia mapema kwa sababu mkono wa kulia una haraka. Ukiweza kuishikilia huku ukiimba sauti ya juu, unganisha mikono yote miwili, vipimo viwili kwa wakati mmoja.