Kumi iko wapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako niliuona juzi. Unasema umepata wenzako wanne kazini, hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza mchezo wa uhusika mezani, ule ambao mmoja anaendesha hadithi na kila mwingine anakuwa mhusika ndani yake, na wamekusukumia wewe uwaendeshee. Swali lako ni fupi: "Mama, ninunue nini ili tuanze?" Nimekaa nalo siku mbili, maana jibu lake ni dogo mno, na wewe unanijua, barua ndogo siwezi.

Haya, tuanze na la kununua. Penseli. Zenye kifutio, moja kwa kila mtu na mbili za akiba. Usicheke. Karatasi ya mhusika haikai nusu saa bila kubadilika: uhai unapungua, mishale inaisha, dhahabu inaingia na kutoka. Aliyeandika kwa wino, baada ya saa mbili hajui kama yu hai. Kitabu usinunue bado. Kanuni za msingi za mchezo uitwao Dungeons & Dragons ziko bure kwenye intaneti, na mwaka 2023 kiini cha toleo la tano kiliachiwa kwa leseni huria, kila mtu akitumie. Kuna na wahusika waliotengenezwa tayari. Wape hao kwa jioni ya kwanza. Kumtengeneza mhusika kunakula muda, na mgeni hajajua bado anachagua nini.

Dadu? Seti ya kawaida ina saba: ya pande 4, ya 6, ya 8, ya 12, ya 20, na mbili za pande 10, ambazo ukizirusha pamoja moja inasoma makumi na nyingine mamoja, unapata namba kuanzia 1 hadi 100. Seti moja ikizungushwa mezani inatosha. Hata zikikosekana si msiba. Mwaka 1979 dadu ziliadimika, hata sanduku la wanaoanza likawa linauzwa na vipande vyenye namba; unavitia kikombeni, unatikisa, unachomoa kimoja. Watu walicheza. Vinyago vya askari na ramani za rangi achana navyo. Najua mchezo wenyewe ulitokana na vita vya vinyago, na watunzi wake, Gygax na Arneson, walipoutoa mwaka 1974 vijitabu vyake vitatu vilikuwa bado vinanukia vita hivyo, lakini sisi hatukuwa na kinyago hata kimoja na pango tuliliona vizuri tu. Anza na penseli.

Kabla hamjaanza, kaeni nusu saa mkubaliane mnachotaka. Mapango na mazimwi? Kuchekeshana? Na mambo gani hayataguswa pale mezani? Wakipenda upelelezi na kuogopa, ipo Call of Cthulhu ya 1981. Huko mnarusha zile dadu mbili za asilimia na mnaomba namba ndogo, kinyume na mlivyozoea. Lakini hao wako hawajazoea chochote, kwa hiyo nimejisemea bure.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Wewe ndiye utakayekaa nyuma ya kiambaza, kile kikinga kinachoficha dadu za mwendeshaji wachezaji wasizione.

Kazi ya kiti kile ukiitazama ni nyepesi. Unaeleza kilichopo, unauliza, "Mnafanya nini?", wanajibu. Kama jambo halina shaka, linatokea tu; mlango usio na kufuli haurushiwi dadu. Kama lina shaka, mchezaji anarusha ile ya pande 20, anajumlisha nyongeza ya mhusika wake, na wewe unalinganisha na namba uliyoiweka: 10 kwa jambo rahisi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Na usirushe dadu ambayo huko tayari kulikubali jibu lake. Nimekwambia hili mara ngapi? Nakwambia tena.

Unajua ninakoelekea.

Ulikuwa na miaka 11. Mhusika wako, Kipanga, ulikuwa umemcheza karibu miezi minane, na pembeni mwa karatasi yake ulikuwa umechora upinde. Uhai ulibaki 3. Zimwi lilihitaji 13 au zaidi kumpiga, na kwa kanuni za zamani tulizokuwa nazo, uhai ukifika sifuri umekufa, hakuna mjadala. Nikarusha nyuma ya kiambaza. Dadu ikabingirika, ikagonga kikombe changu, ikatulia: 17. Nikainua macho. Ulikuwa umeing'ata penseli.

Nikasema, "Saba."

Niliimeza "kumi na," nikatoa "saba" peke yake. Nilijiona mjanja. Kaka yako akashangilia, wewe ukaruka, penseli ikadondoka, ikabingirikia upande wangu. Ukazunguka meza kuiokota. Dadu ilikuwa pale pale imeegemea kikombe.

"Mama, kumi iko wapi?"

Hata kaka yako, anayecheka kila kitu, hakucheka. Nikajibu kwamba nimesoma vibaya. Huo ukawa uongo wa pili, na huo ndio unaoniuma zaidi, maana wa kwanza niliusema kwa kukuhurumia, wa pili kwa kujihurumia. Hukubishana. Ukakaa, ukaifuta ile 3, ukaandika 0, ukaifuta, ukaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Halafu ukauliza, "Na lile joka la darajani?"

Mwanangu, joka la darajani lilikukosa kwa haki. Mara tatu mfululizo: 4, 2, na 9. Nazikumbuka mpaka leo kwa sababu mwenyewe nilikuwa natetemeka. Lakini nilizirushia nyuma ya kiambaza, na usiku ule sikuwa na la kukuonyesha. Mwaka mzima hukuikaribia meza ile.

Baba yenu alinitetea. Alisema mtoto ni mtoto, na mwendeshaji yupo ili watu wafurahi. Hayuko peke yake. Hata kitabu cha mwendeshaji cha toleo la tano, cha 2014, kinakubali kwamba kiambaza kinakupa nafasi ya kubadili matokeo ukitaka. Na ningekuwa na kanuni za toleo hilo, nisingebanwa vile: ukifika sifuri unazimia, kisha kila zamu unarusha ya pande 20, 10 au zaidi inahesabiwa upande wako, tatu zako zikitangulia umetulia, tatu za kukosa zikitangulia ndipo umekufa. Kipanga angepata nafasi, na mrushaji angekuwa wewe, mbele ya macho yetu.

Lakini hapo naisingizia kanuni. Ningeweza kuamua kabla ya kurusha kwamba zimwi lile linateka, haliui. Ningeitangaza mezani na kurusha waziwazi. Hayo yote niliyajua, ila nilitaka vyote viwili: wewe uogope kweli, na Kipanga asife. Halafu najiuliza, angekufa kwa haki, ungerudi baada ya wiki? Au usingerudi kabisa, na leo usingekuwa unaniandikia kuhusu wenzako wa kazini? Kaka yako anasema nilikosea. Baba yenu anasema hapana, na ukimuuliza leo atasema hapana kwa sauti kubwa zaidi. Mimi jibu langu ninalo, na lingenipendeza sana kuliandika hapa. Siliandiki. Wiki ijayo kiti ni chako, na mmoja wa hao wanne atakuwa ameng'ata penseli.

Dadu zetu za zamani nakutumia, zote saba. Ile ya pande 20 kona yake moja imemeguka kidogo, lakini inarushika. Karatasi ya Kipanga nimeiweka katikati ya daftari ili isikunjike, uangalie pale penye tundu. Kiambaza kiko juu ya kabati. Hicho sijakitia kwenye kifurushi. Niambie kama unakitaka.

Mama