Muulize Kocha: "Mita 25 tu pumzi imekata, triathloni nitaiweza kweli?"

SWALI: Kocha shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39. Kukimbia kilomita 5 namaliza bila kusimama na baiskeli naendesha toka utoto. Wenzangu kazini wamenishawishi nikajiandikisha triathloni yangu ya kwanza, ile fupi, kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Zimebaki wiki 14. Shida ni maji, nikienda upande mmoja tu wa bwawa, mita 25, nafika nahema kama nimekimbizwa. Mume wangu anasema nikanyanyue vyuma mikono ipate nguvu. Ni kweli? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mama, na hongera sana. Ntakujibu kwa kirefu maana hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na linawakatisha tamaa watu wengi ambao wangeweza kabisa.

Mwambie baba watoto asante ila tatizo sio mikono. Mtu anaekimbia kilomita 5 bila kusimama ana moyo na mapafu ya kutosha kuogelea mita 750. Kinachokumaliza karibu nina uhakika ni kwamba uso ukiwa ndani ya maji unabana pumzi. Sasa ukibana, hewa chafu inajaa kifuani na hiyo ndo inayokufanya uhisi unakosa hewa, alafu ukigeuza kichwa pembeni unakuta una kama sekunde moja ya kutoa ile ya zamani na kuvuta mpya, muda hautoshi, unavuta nusu, mara ya pili robo, mara ya tatu umeshapaniki na miguu inazama. Umefika ukuta umechoka kumbe hujafanya kazi yoyote.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usihesabu mita hata moja. Simama sehemu ya kina kifupi maji yakufike kifuani, shika ukingo, ingiza uso, na uanze kutoa pumzi puani taratibu kama mtu anaeimba mmmm mdomo umefungwa. Utasikia mapovu yanapita mashavuni mpaka kwenye masikio. Yakiisha, geuza kichwa upande, sikio moja libaki majini, fungua mdomo na hewa itaingia yenyewe, huna haja ya kuivuta kwa nguvu. Rudia mara 20, pumzika, rudia tena. Ukiona mapovu yanatoka kwa kushtuka shtuka bado una hofu, yakitoka kama uzi mmoja umeshapata.

Ukishaweza hapo ndo tunaanza safari. Mita 25 pole pole, pumzika mpaka uweze kuongea sentensi nzima, nyingine tena, mara 8. Wiki zinavyoenda unapunguza mapumziko sio unaongeza spidi, 25 zinakuwa 50, 50 zinakuwa 100, na ukifika wiki ya 9 au 10 ukimaliza 400 bila kusimama jua 750 unayo. Ukiweza mpate mwalimu wa kuogelea hata mara tatu nne, bora hela iende huko kuliko kwenye vifaa.

Alafu lazima utoke bwawani. Kama mashindano ni ziwani au baharini nenda ukafanye mazoezi kwenye maji ya wazi angalau mara tatu kabla ya siku yenyewe, na mama tafadhali usiingie peke yako hata siku moja, hata ukijiona umeiva. Kule hakuna mstari chini wa kufuata, kwa hiyo kila baada ya mikono 6 au 8 unainua macho tu juu ya maji kama mamba anavyochungulia, unaangalia boya liko wapi, unarudisha uso. Maji yakiwa ya baridi mwili unashtuka na pumzi inakuja kwa pupa bila wewe kutaka, ni kawaida, inapoa ndani ya dakika chache, ndo maana unaingia mapema, unalowesha uso na shingo, unaelea kwanza.

Mashindano yangu ya kwanza mimi nilijipanga mbele katikati ya kundi. Hatujafika mita 100 mtu akanipiga teke la usoni miwani ikajaa maji, nikabana pumzi palepale, moyo ukaenda mbio nikaamini kabisa nakufa. Kilichoniokoa ni kulala chali. Niliangalia mawingu nikahesabu pumzi 20, nikasafisha miwani, nikaendelea taratibu na nikamaliza. Na unaruhusiwa! Unaweza kulala chali, kuogelea kama chura, hata kushika boya au mtumbwi wa waokoaji ukapumzika, mradi tu usiutumie kusonga mbele. Soma kanuni za mashindano yako uhakikishe. Wewe jipange nyuma na pembeni, waache wenye haraka waende.

Jingine silifichi. Vifo vinavyotokea kwenye mchezo huu, ni vichache ila vipo, vingi vinatokea majini. Kabla ya yote nenda kwa daktari akupime moyo na presha, mwambie unajiandaa na nini. Na siku yoyote ukihisi kifua kinabana au kizunguzungu acha palepale, kama uko majini inua mkono uje kutolewa. Hakuna medali inayozidi kurudi kwa watoto wako.

Ratiba usijitese, una kazi na una familia. Kuogelea mara mbili hadi tatu, baiskeli mara mbili, kukimbia mara mbili, na siku moja ya kupumzika kabisa, kupumzika kweli sio kufua mapazia. Karibu mazoezi yote yawe ya mwendo ambao unaweza kupiga stori, na kila wiki ya nne punguza.

SWALI: Kocha, nina baiskeli ya milimani ya kawaida, matairi manene. Nikope hela ninunue ya mashindano?

JIBU: Usikope kaka. Mashindano mengi ya wanaoanza yanakubali baiskeli ya aina yoyote ikiwa salama, yaani breki za mbele na nyuma zinashika na ncha za usukani zimezibwa. Badilisha matairi uweke ya kipara, yaani mapya yaliyotengenezwa laini bila meno, sio yaliyolika, yajaze upepo vizuri, paka mnyororo oili, rekebisha urefu wa siti ili mguu ukiwa chini kabisa goti likunjike kidogo tu. Utashangaa inavyokimbia. Na jifunze kubadilisha tyubu mwenyewe nyumbani mpaka mikono izoee.

SWALI: Kila nikishuka kwenye baiskeli nikianza kukimbia miguu inakuwa kama sio yangu, mizito kama magogo. Nina ugonjwa?

JIBU: Hapana dada, ni sisi sote. Misuli imezoea kuzunguka pedali, ghafla unaiambia ibebe mwili. Dawa ni kuizoesha, mara moja kwa wiki ukishuka tu kwenye baiskeli vaa raba ukimbie dakika 10, usikae, usiingie ndani kunywa chai. Kilomita ya mwisho ya baiskeli weka gia nyepesi uzungushe miguu haraka haraka, alafu ukianza kukimbia piga hatua fupi. Dakika 5 hadi 10 miguu inarudi.

Na kwa vile mko wengi mnaoanza, hili lifanyeni mazoezi nyumbani. Ukitoka majini umechanganyikiwa, mikono inatetemeka, kitu cha kwanza ni helmeti kichwani na kifungo cha kidevuni kilie ta! ndipo uguse baiskeli. Ukirudi, tundika baiskeli kwenye sehemu yake kwanza ndipo ufungue kifungo. Ukikosea mpangilio huo unapewa adhabu, na nimeona watu wakilia kwa hilo baada ya miezi ya mazoezi. Panga vitu vyako juu ya taulo moja, vya baiskeli mbele, vya kukimbia nyuma, ufanye mara 10 na mikono iliyolowa.