Mvinyo mweupe wa Rioja uliolala kwenye pipa: maneno kwa wahudumu wapya

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya mezani, mwaka wangu wa kwanza hotelini mgeni mmoja aliagiza mvinyo mweupe wa Rioja. Nilipouzibua na kummiminia kidogo, nikaona rangi ya dhahabu iliyokolea, karibu na asali, na harufu kama ya lozi za kukaanga. Mimi nilizoea mvinyo mweupe mwepesi kama maji. Nikaamini umeharibika, nikaomba radhi, nikaondoka na chupa kabla mgeni hajaonja. Mkuu wangu aliunusa mara moja tu, akanirudisha mezani nao. Mgeni alikuwa ameutaka kwa sababu ya rangi na harufu ile ile.

Basi jueni chanzo chake. Rioja iko kaskazini mwa Hispania, kandokando ya mto Ebro. Zabibu kuu nyeupe ya huko ni Viura, ambayo ikiwa peke yake haina makeke. Kinachoibadili ni pipa la mwaloni la lita 225. Mwaloni wa Marekani, uliozoeleka huko tangu zamani, huupa mvinyo harufu ya vanila na nazi, na hewa kidogo inayopenya kwenye mbao huukoleza rangi polepole. Kibandiko kikisema Reserva, mvinyo mweupe umekaa si chini ya miaka 2, na angalau miezi 6 kati ya hiyo ndani ya pipa. Gran Reserva ni miaka 4. Wapo wanaozidisha sana: katika mji wa Haro, kiwanda cha López de Heredia, kilichoanza mwaka 1877, huiweka Reserva nyeupe ya Viña Tondonia kwenye pipa kwa takriban miaka 6.

Kwa hiyo dhahabu si dalili ya ubovu. Nuseni. Mvinyo mbovu hunuka boksi lililolowa na kuota ukungu, au siki kali.

Kosa linaloniumiza zaidi ni barafu. Friji inakaa kwenye nyuzi 4 au 5, na hapo mvinyo huu unajifunga kabisa: unabaki uchachu na ladha ya mbao. Nimemwona mgeni akiikumbatia gilasi kwa viganja viwili ili kuipasha moto, mhudumu naye anarudisha chupa kwenye ndoo! Lengeni nyuzi 11 hadi 13. Kwa joto letu la pwani, toeni chupa kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina. Tumieni gilasi pana, si ile nyembamba, na msiijaze kupita theluthi.

Chakula je? Msiuchukulie kama mvinyo wa saladi. Una uzito, unataka chakula chenye mafuta na chumvi: kuku wa kuokwa mwenye ngozi iliyokauka vizuri, uyoga, kamba waliokaangwa kwa vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, jibini ya Manchego iliyokomaa. Wahispania wanaupenda na bakalao, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Kwa menyu yetu, mimi humpendekezea mgeni samaki wa kupaka, kwa sababu tui zito na ule moshi wa makaa vinakutana na nazi na vanila za pipa. Ila ongeeni na jikoni mapema wapunguze pilipili, maana pilipili kali huufanya mwaloni uwe mchungu. Achari na siki wekeni mbali kabisa.

Mgeni akilalamika kwamba haujapoa, msibishane naye. Mwombeni aonje kidogo hivyo hivyo, muendelee na kazi. Chakula kikifika, mmiminieni tena kidogo, alinganishe mwenyewe. Akiitaka ndoo hata baada ya hapo, mleteeni.